Jina la Mama Yake Sofia

Jumamosi, 2 Machi 1963

Nimeteuliwa. Yaani nimebebeshwa. Binamu Gideon amekuja leo na uenyekiti wake wote, kofia kichwani hata sebuleni. Mkutano wa ukoo wa Wagenveld utafanyika Jumatatu ya Pasaka, hapahapa Doringvlei. Wageni mia mbili! Na mti wa nasaba utaandikwa na mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Uanzie kwa Hendrik Wagenveld aliyeshuka kwenye meli ya Waholanzi huko Rasini, kusini mwa Afrika, mwaka 1694, ufike hadi mtoto wa mwisho kubatizwa.

“Usimwache mtu, Letta,” kasema. “Wala usiongeze.”

Nilijifanya kuguna. Ukweli ni kwamba nimefurahi. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, wakimpa wafu awatunze, anashukuru.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya ibada nimepitia shambani kwa Frans, mdogo wangu, kuchukua Biblia kubwa ya babu. Majina yote yamo kwenye kurasa za mbele. Wifi Engela ameifunga kwa kitambaa cha meza, akanipa na chupa ya jamu ya tikiti.

Lenie aling’ang’ania kuibeba hadi garini. Ana miaka minane. Mtoto wa uzeeni wa Frans, baada ya wavulana watatu. Mashavu ya rangi ya shaba, nywele zinazogombana na kitana kila asubuhi. Ndiye kipenzi changu na sioni haya kusema.

“Shangazi, mimi nitakaa wapi kwenye mti?”

“Chini kabisa, pembeni.”

“Pembeni kuna kivuli?”

Jumatano, 6 Machi

Kazi inakwenda yenyewe. Kwetu majina hayachaguliwi, yanarithiwa. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa bibi mzaa mama. Ukipotewa na bibi, tazama wajukuu, utampata.

Ila nimekwama mahali pamoja. Babu Jacobus alimwoa Sofia Steyl. Biblia inasema mama yake Sofia aliitwa Johanna. Sawa. Basi binti yao wa kwanza angekuwa Johanna. Siye! Ameandikwa Filida. Alikufa na miaka saba, ugonjwa wa koo. Aliyefuata, ambaye ni Shangazi Betta, akabatizwa Elisabeth Filida ili jina lisipotee. Na Lenie wetu, kwa kuwa Shangazi Betta hakuzaa na aliomba sana, ni Magdalena Filida.

Filida ni nani? Nimeupeleka ukurasa dirishani. Pale penye “Johanna” karatasi imekwanguliwa. Imekuwa nyembamba, mwanga unapita.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika barua kwa mchungaji wa kanisa la misheni alikobatizwa Bibi Sofia. Nimeomba nakala ya ubatizo wake. Nimeweka jina langu kamili na anwani. Mtafiti kweli!

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu Mkuu Koert kaniita ofisini wakati wa mapumziko. Mkewe ni wa ukoo wetu, kwa hiyo huanza na salamu ndefu. Kisha:

“Huyu binti wa ndugu yako. Jua la kule shambani ni kali, siyo?”

“Ni hili hili la hapa, Mwalimu Mkuu.”

Kacheka kidogo. Mzazi mmoja amelalamika. Hakumtaja. Ati hataki mwanawe akae dawati moja na “mtoto ambaye hatuna hakika naye”.

Sisahau yaliyotokea mwaka juzi mji wa jirani. Watoto watatu walitolewa shule ya Wazungu siku moja, kabla ya kengele ya saa nne. Ofisa wa serikali, wa idara inayopanga watu kwa rangi, alikuja na karatasi: tangu leo ninyi ni Machotara. Baba akafukuzwa kazi relini, nyumba wakaihama. Ndugu yake wa tumbo moja alibaki Mzungu. Wakikutana dukani hawasalimiani.

Na barua yangu iko njiani, kwa misheni ambako waumini ni Machotara. Mjinga mimi! Nani alinituma?

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi Betta. Ana miaka themanini na minne, masikio yamechoka lakini ulimi bado. Nimemuuliza Filida ni nani. Akaendelea kuchovya mkate wake mkavu kwenye kahawa mpaka ukamegekea kikombeni.

“Mama yake mama,” kasema mwishowe. “Alikuwa akikaa chumba cha nyuma. Mikono inanukia tangawizi. Wageni wakija, mlango unafungwa.”

“Na Johanna?”

“Johanna hajawahi kuzaliwa. Baba yako alimzaa kwa kisu na wino, mwaka ule alipotaka uzee wa kanisa.”

Baba! Baba aliyenichapa kwa kusema uongo juu ya yai moja.

“Kwa nini basi ukaomba Lenie apewe jina hilo?”

“Kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuuliza,” kasema. “Hukuwa umeanza upelelezi wako.”

Alhamisi, 28 Machi

Jibu la misheni limefika. Mchungaji ana mwandiko mzuri kuliko wangu. “Sofia, amezaliwa 1850. Baba: Pieter Steyl, mkulima. Mama: Filida, alizaliwa utumwani, akaachiwa huru akiwa mtoto pamoja na mama yake.” Ameongeza kwa ukarimu kwamba wapo wazao wengine wa Filida palepale misheni, watu wema, na wangefurahi kunifahamu.

Wangefurahi kunifahamu. Nimeisoma mara nne, nikaitia jikoni kwenye moto, nikasimama hapo mpaka ikawa majivu. Nina ndugu, nami nimewachoma. Naandika hivi na naona aibu, lakini hofu ni kubwa kuliko aibu.

Posta wameiona bahasha. Karani kasoma muhuri kwa sauti!

Jumatatu, 8 Aprili

Mti umekamilika. Upana wa mita tatu. Mama yake Sofia nimeandika: Johanna. Mkono wa baba na mkono wangu sasa ni kazi moja.

Sijamwambia Frans. Yeye ni mzee wa kanisa kama baba, mwanawe mkubwa yuko chuo cha polisi. Asiyejua halazimiki kudanganya. Ndivyo ninavyojiambia.

Jumatatu, 15 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kondoo wanne walichomwa. Gideon alihutubia dakika arobaini: Hendrik, jembe, bunduki, damu safi ya miaka mia mbili na sitini na tisa. Wakapiga makofi. Kisha watu wakajaa kwenye mti wangu, kila mmoja na kidole chake, wakicheza mchezo wetu wa siku zote — nani kanipa jina? Wewe wa nani? Aa, umemrithi yule mzee mwenye pua!

Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimemfuta mama nikawaacha wajukuu! Mtu wa taifa lingine angepita bila kuona kitu. Sisi tunausoma mti kwa majina ya watoto, tangu utotoni, na mimi niliyeikokotoa hesabu hiyo mwezi mzima sikuikumbuka.

Mwalimu Mkuu Koert alikuwa amesimama na kikombe chake.

“Mwalimu Letta, hebu nisaidie. Binti wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa mama, sivyo?”

“Kwa kawaida.”

“Basi wa kwanza wa Jacobus angekuwa Johanna.” Kidole kikagusa Filida. Kikashuka kwa Elisabeth Filida. Kikashuka tena, taratibu, mpaka chini pembeni. “Na huyu hapa?”

“Huyo ni mimi!” Lenie alikuwa kando yake, akimfikia kiunoni, mdomo umejaa makombo ya keki. “Magdalena Filida. Shangazi Letta kaandika.”

Koert akaweka kiganja juu ya nywele zake. Akakiacha hapo. Si kwa kumbembeleza, alikuwa anapima.

“Naam,” kasema. “Ni wewe.”

Gideon alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Nyama ya kondoo sikuionja.

Jumanne, 16 Aprili

Barua ya Koert imeletwa kwa mkono. Shule inafunguliwa Alhamisi; Lenie asije mpaka “utata wa asili yake” utatuliwe. Ofisa wa serikali anapita Doringvlei kesho. Atafika nyumbani kwangu saa tisa alasiri, kwa kuwa kumbukumbu za ukoo ziko kwangu.

Nimemwambia Frans yote. Hakunigombeza. Alikaa kitini, akatazama mikono yake, nyuma na mbele.

Jumatano, 17 Aprili

Wako sebuleni tangu saa nne: Gideon, Frans, Engela. Mimi niko chumba cha kulia, mlango wazi, karatasi mpya mbele yangu. Wanadhani naandika mti tu.

Mpango ni wa Gideon. Kauleta ameshaupanga, kama hotuba. Lenie hakuzaliwa na Engela. Aliokotwa. Frans na mkewe walimwonea huruma, wakamlea, wakambatiza. Hivyo mashavu yake na nywele zake si zetu. Filida wa zamani? Alikuwa yaya, watoto walimpenda, wakampa jina lake mtoto. Mimi niandike mti mwingine usio na Lenie, nitie sahihi kama katibu wa ukoo. Cheti cha ubatizo? Mchungaji hataulizwa, na akiulizwa atakuwa na kikohozi.

“Atapelekwa wapi?” Frans kauliza. Hilo tu ndilo kauliza!

“Misheni wapo watu. Watamtunza. Ni mmoja, Frans. Sisi ni mia mbili. Wanao watatu. Kazi ya dada yako. Shamba. Unataka wote tuhesabiwe upya?”

Niliposikia “kazi ya dada yako” moyo ulinidunda, na si kwa ajili ya Lenie. Naliandika hilo kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma.

Sasa hivi Engela ameingia huku, kasimama kando ya meza, bado na aproni.

“Wifi,” kasema polepole, “nilimzaa siku mbili na usiku mmoja. Wewe ndiye uliyenishika mkono.”

“Najua.”

“Ukimfuta huyo, nifute na mimi.”

Akarudi sebuleni. Ningempenda Frans kama angeyasema yeye. Ningejipenda kama ningeyasema mimi.

Nimeandika. Frans. Engela. Chini yao wavulana, mmoja, wa pili, wa tatu. Herufi zimetoka nzuri na zimenyooka, na hilo ndilo linaloniogopesha — nilidhani mkono ungekataa. Nafasi ya nne iko wazi. Naweza kuandika, naweza kupiga mstari wa kufungia. Gideon anakohoa kunihimiza.

Lenie yuko jikoni anamenya njegere. Ameuliza kama mgeni akija avae viatu. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo amevaa.

Gari! Saa nane na nusu tu, kaja mapema. Gideon kasimama, Frans kafunga kifungo cha koti. Njegere zimemwagika sakafuni — Lenie kakimbilia mlango wa mbele, na sote watu wazima tumebaki tulipo. Namsikia anafungua. Namsikia anampa mkono mgeni na kujitambulisha, taratibu, jina kamili, kama tunavyowafundisha darasa la pili.