Tangi la Rosaire Linanuka

Jumatano, 12 Machi

Yameanza! Mchana jua limepiga, theluji ikalainika, na mabomba ya plastiki kule kwenye miti ya mepo yakaanza kuleta utomvu wa kuchemshia shira. Rosaire anapiga mluzi kama kijana. Tangi alilisugua mwenyewe asubuhi. Kisha, kama alivyofanya marehemu baba yake kila mwaka, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tangi, akavuta pumzi.

Safi, anasema. Fungulia utomvu uingie.

Nikaingiza kichwa changu. Lo! Harufu ya tambara chepechepe lililosahaulika kwenye ndoo.

— Rudia kidogo, mume wangu.
— Kwani mimi nimeanza jana?

Nikafungulia. Tangu mafua yale ya Novemba anaitia supu ya njegere chumvi mpaka hailiki. Hasemi kitu. Nami siulizi.

Ijumaa, 14 Machi

Joto mno kwa Machi. Utomvu umelala tangini tangu juzi, leo tumeuona una ukungu. Rosaire akasema si kitu, akawasha moto.

Shira imetoka nyeusi. Ukiinua kijiko inavutika kama mlenda! Rosaire akaonja: tamu. Wifi Jeannine, aliyekuja na mayai yake na njaa yake, akaonja, akakimbilia nje kutema.

— Kaka, umechemsha soksi za nani?

Nikacheka — Mungu anisamehe, imenitoka tu. Rosaire hakucheka. Akaitazama sufuria, akatutazama sisi, akavaa kofia, akatoka.

Yote tumeimwaga. Theluji nyuma ya kibanda chetu cha kuchemshia imegeuka kahawia.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuamka kwenda msituni. Anasema msitu ukodishwe kwa jirani, yeye basi. Msitu wa baba yake! Miti mingine aliitoboa mara ya kwanza akiwa kwenye mabega ya mzee.

Nikachukua brashi ndefu, nikachemsha maji, nikaenda peke yangu. Sabuni hapana — shira hubeba kila harufu. Maji moto tu, na mikono. Pembeni. Chini ya mfuniko. Mwisho nikaifungua koki ya chini, na pale kwenye mpira wake mdogo — ute! Mweupe, mzito. Ndiko uozo ulikojificha.

Nikasikia theluji ikilia chini ya viatu. Rosaire mlangoni.

— Nani kakutuma?
— Rosaire, hunusi.

Akageuza uso kuelekea msituni.

— Tangu Novemba hunusi. Najua.

Akakaa juu ya kuni. Akakaa kweli, kama mzigo umetupwa. Halafu akasema kahawa imekuwa maji moto. Moshi hausikii, mpaka macho yawashe. Aliogopa nikijua nitamwona amekwisha.

— Hata wewe, Ghislaine. Shingo yako. Siisikii tena.

Nimelia na brashi mkononi. Mwanamume huyu! Miezi yote hii nikidhani ameacha tu kuniinamia nikiosha vyombo.

Jumapili, 16 Machi

Baridi imerudi, ahsante Mungu. Hakuna kinachotiririka. Tumesugua wawili. Yeye anapapasa kwa vidole: hapa panateleza, rudia. Kweli panateleza! Mimi nanusa. Alasiri akanipaka maji puani, ati anapima kama chombo kinafanya kazi. Tumecheka kama wehu.

Lakini kwa Jeannine — usimwambie, anasema. Atanitania mpaka kaburini.

Jumanne, 18 Machi

Usiku kuliganda, asubuhi jua. Utomvu unakuja, mweupe kama maji ya kisima. Tumeuzuia kwenye ndoo kwanza. Tangi linasuuzwa mara ya mwisho, nami naandika nimekaa juu ya kreti, vidole vimekufa ganzi. Nilinusa mara moja: kuna kitu kwa mbali, sijui ni chuma au ni ule uozo. Nikamwambia bado. Hakubisha! Akavuta maji mengine.

Ndoo zinajaa. Tukichelewa zitamwagika.

Jeannine amefika, kakanyaga mpaka katikati ya kibanda, anauliza leo tunachemsha nini, soksi au chupi. Rosaire yuko juu ya ngazi, mfuniko mkononi. Ananitazama. Sasa anamtazama dada yake.

— Ghislaine! Njoo uninusie, mimi pua yangu imekufa!

Jeannine amefunga mdomo. Jeannine!

Naenda.