Kitambaa Kilichorudi Kimepigwa Pasi

Mpendwa Mama Kasimiro,

Naomba unishauri upesi, maana Jumamosi rafiki yangu anapanda basi la Koboko na mimi bado sijui nimwambie nini.

Mimi ni mtu wa kubariki, ndivyo nilivyo, siwezi kusema "habari" nikapita, muuza mihogo lazima nimtakie wateja, mwenye baiskeli nimtakie tairi lisilotoboka, na hata yule wa dukani anayesema sukari hakuna huku magunia nayaona nyuma yake, naye namwombea kwa Mungu amlainishe moyo. Kwa hiyo akina mama wa kanisa letu hapa Arua walinipa kazi ya kudarizi vitambaa vya viti vya mwaka mpya, maana kwetu kila mama hupewa chake chenye maneno ya baraka, kinasomwa mbele ya wote, tunaitikia "Amina", kisha anakitandika sebuleni mwaka mzima.

Basi Ayikoru, rafiki yangu, ameolewa siku nyingi na hajajaliwa mtoto, na mimi kwa mapenzi nikamdarizia "Mungu ajaze watoto nyumba yako", nikaweka na mapacha wamelala, kwa uzi mwekundu niliokuwa nimeuficha hata mume wangu asiuone, na kiliposomwa akina mama wakaitikia Amina kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote, mmoja akaongeza "na iwe mwaka huu", nami nikafurahi kama mjinga. Baada ya siku chache Ayikoru akakirudisha kimefuliwa, kimetiwa wanga wa muhogo, kimepigwa pasi, akaniambia, "Mama Asiku, kitambaa yako iko mzuri. Lakini kila mutu anaingia kwangu anasoma, halafu anaangalia tumbo yangu. Peleka kwa mwingine."

Tangu hapo haji kwenye maombi, na tukikutana ananisalimia kwa adabu kama vile mimi ni mtoza kodi. Inaniuma sana, kwa sababu si mtu baki, ndiye aliyembeba Asiku wangu mgongoni kutoka kijijini Inde mpaka hospitali, mtoto ana surua, petroli haipatikani, na mimi miguu imevimba kwa mimba siwezi kumfuata. Sasa anahamia Lobule, huko huko Koboko, kwa wakwe zake na sidhani kama atarudi. Dada yangu anasema ninyamaze, jirani anasema nidarizi kingine kikubwa zaidi cha kufungua tumbo, na mimi tangu hapo nimeshona maua matupu, bila neno la baraka, mpaka mume wangu anauliza kama nina malaria. Je, niache kubariki watu? Au nimwache aende hivyo hivyo?

Mama Asiku, Arua

*

Mama Asiku,

Pole, na kubariki usiache. Ukinyamaza wewe, yule wa dukani ataombewa na nani?

Ila Ayikoru hukumbariki, mama. Ulichukua haja yake ya siri, ukaiandika kwa uzi mwekundu, ukampa aitandike sebuleni wageni waisome. Nani alikutuma? Hilo ni lake, la mume wake na la Mungu, na siku akitaka uliombee atakuambia mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa. Ile Amina kubwa uliyoifurahia, yeye alisimama ndani yake peke yake. Mimi ningekirudisha bila kukifua.

Jirani anayetaka kitambaa kikubwa zaidi, mpe viazi amenye. Dada naye anakosea, kwa sababu ukikaa kimya mpaka basi liondoke, Ayikoru atakwenda Lobule akijua kwamba kwako yeye ni tumbo tu.

Nenda Ijumaa, usingoje kwenye basi mbele za watu. Omba radhi mara moja, kisha ukome, na usilie wewe kwanza hata ikawa yeye ndiye anakubembeleza. Kabla ya kwenda, chukua kitambaa kile kile ukifumue, maneno na mapacha wote. Matundu ya sindano yatabaki. Yaache, atajua umefumua kwa mkono wako.

Sasa rudia kusoma barua yako. Katikati ya surua na petroli umepitisha haraka haraka habari ya mwanamke aliyembeba mtoto wako kutoka Inde. Vitambaa vyote ulivyoshona, hiyo uliishona wapi? Kuna siku ilisomwa kanisani, watu wakaitikia? Wewe kila mtu anakuita Mama Asiku, na jina hilo bado unaitwa kwa furaha kwa sababu ya mgongo wa Ayikoru.

Baki na uzi ule ule mwekundu, uandike juu ya kitambaa hicho hicho hivi: "Ayikoru, ulimbeba Asiku. Mungu akubebe wewe."

Msomee mwenyewe, mlangoni kwake. Amina aitikie Asiku.

Mama Kasimiro