Kona Moja ya Kitambaa cha Meza

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimefunga mlango na kuvuta pazia. Nikashona. Asubuhi nzima, jani moja. Vidole vilivyozoea usukani wa kombaini ya kuvuna ngano mashambani Njoro havijui sindano. Kitambaa cha meza kimebaki kona moja tupu: ua na majani yake, aliyoyachora mke wangu, Mama Chebet, kwa penseli kabla ya kulazwa hospitalini asirudi. Vya viti alimaliza vyote. Hiki hakuwahi. Namkumbuka mpaka naudhika.

Jumanne, 5 Agosti
Binti yangu Chebet amepiga simu kutoka Kamere. Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa wanakuja Jumamosi. Anataka vitambaa vya mama vitandikwe sebuleni vyote, halafu aende navyo kwake.

"Na ile ya meza, baba? Mum alimaliza, ama?"

Nikasema alimaliza. Ulimi ulitangulia. Alivyouliza, sauti ilikuwa ya mtoto. Sikuweza kumwambia. Sasa nimejifunga mwenyewe, lazima nimalize.

Alhamisi, 7 Agosti
Rael, dada wa marehemu, amebisha hodi bila taarifa. Nikakalia kitambaa, sindano ikiwa ndani. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo. Alikuja kupanga mapishi ya Jumamosi. Akaona nimekaa upande, akauliza kama ni mgongo. Nikasema ni baridi.

Huyu ndiye ninayemwogopa. Hawezi kuona kitambaa asikigeuze. Wanawake wa kikundi chao cha kushona wote wako hivyo. Wanasifu mbele, kisha wanafunua nyuma, na hapo ndipo wanapoamua wewe ni mtu wa aina gani. Kazi ya Mama Chebet ni safi pande zote mbili. Nyuma ya kazi yangu ni mafundo matupu, na nyuzi zinakatiza ovyo kama uzio uliovunjwa na ng'ombe.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemaliza. Jani la mwisho limenenepa kuliko wenzake. Uzi wa kijani uliisha, nikaweka wa manjano. Nimefua, nimepiga pasi. Ukisimama mlangoni ni kizuri. Naogopa, na nina hasira na huo woga. Mtu mzima na wajukuu karibuni.

Jumamosi, 9 Agosti
Wageni walifika saa sita. Watu wazuri, wanaongea polepole. Mama wa kijana akasifu meza, akanyoosha mkono kwenye upindo. Kona yangu. Nilijua anachotaka. Kumbe hata kwao wanageuza.

Rael akamtangulia. Akainua kona, akaangalia nyuma. Uso haukubadilika. Akailaza tena, akaitandaza kwa kiganja, akaweka chupa ya chai juu yake.

"Dada yangu alikuwa na mkono mzuri," akamwambia mgeni. "Chukua mandazi, mama, chai isipoe."

Nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Nililia zizini, nikanawa uso kwenye birika lao la maji, nikarudi. Rael alinipakulia nyama nyingi kuliko wageni.

Jumapili, 10 Agosti
Chebet ameondoka na vitambaa vyote. Viti viko uchi. Nyumba mbaya leo.

Jumatatu, 11 Agosti
Chebet amepiga mchana. Akasema alipokuwa akikunjua aliona nyuma ya ile kona. Nikaanza kujitetea haraka haraka: nitamtafuta fundi mzuri mjini, afumue majani yangu, ayashone upya, hakuna atakayejua.

"Wacha hivyo, baba. Nataka nikuwe naona penye mum aliachia."

Nilisikia akipenga kamasi. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanigombeza kidogo, vile mama yake alikuwa akinigombeza, akakata simu.

Nimepasha githeri ya jana. Nimekula yote.