Shemeji na Sare Zake

Jumapili, 1 Juni
Sare tena. Sifuri kwa sifuri. Nimepiga ngoma mpaka viganja vimevimba na hatukupata hata kona ya maana. Shemeji kapanga mabeki watano, mbele kaacha mtu mmoja anatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Tangu apewe timu yetu hapa Milanzi hatujafungwa. Bao tumepata moja tu, na hilo wenzetu walijifunga wenyewe. Sijui nifurahi au ninune.

Jumatatu, 2 Juni
Kilabuni pombe ya ulezi haikunyweka kwa ubishi. Wengine wanasema kocha ana akili, mwaka jana tulikuwa tunapigwa na kila anayepita. Wengine wanasema bora kupigwa kuliko kutazama usingizi ule. Nikawaunga mkono hawa. Baadaye nikawaunga mkono wale. Mzee Kizito, mwenyekiti wetu wa mashabiki, akataka kujua niko upande gani. Nikasema niko upande wa ngoma. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 4 Juni
Sasa wanataka kocha aondoke. Watakaa kikao Jumapili, mechi ikiisha.

Akiondolewa atarudi kwao Kipili, mbali kule ziwani, kwenye mitumbwi ya kaka yake. Dada Sesi, mkewe, atamfuata, na mtoto wao pia. Leo mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, mjukuu mapajani, anaimba nyimbo za Kifipa. Sijamsikia akiimba tangu baba afariki. Mama hajui mpira. Anachojua ni kwamba binti yake amerudi karibu.

Naogopa. Na mpira wa shemeji unaniudhi vilevile. Vyote viwili kwa pamoja, ndani ya kichwa kimoja.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemfuata shemeji uwanjani baada ya mazoezi. Nikamwambia washambulie, watu wapate raha, watamwacha akae. Akawa anakwangua udongo kwenye viatu. Kisha: "Na tukifungwa je, shemeji?" Nikamwambia hawatajali. Nimetoa wapi uhakika ule, sijui.

Jumapili, 8 Juni
Tumefungwa nne kwa tatu na Pito. Mabao matatu tumefunga sisi! Ngoma yangu imepasuka. Watu wamembeba shemeji mabegani, Mzee Kizito anaongoza nyimbo, vumbi tupu. Kikao kimekufa chenyewe, hakuna aliyekikumbuka. Dada Sesi kanikumbatia mpaka kilemba kikanivuka.

Shemeji kule juu mabegani alikuwa amekunja uso utadhani wanampeleka polisi. Nilimwona. Sikutaka kumwona. Nimefurahi mno leo.

Jumatatu, 9 Juni
Shemeji ameacha timu. Hajafukuzwa. Ameacha mwenyewe.

Mzee Kizito kaja nyumbani kumbembeleza. Shemeji akamjibu kwa upole kabisa: "Mzee, jana mmeshangilia kufungwa. Kazi hiyo mimi siiwezi." Mzee akatoka anatikisa kichwa. Mimi pia natikisa. Alipokuwa hafungwi walimtaka aondoke. Amefungwa, wanamtaka abaki, na yeye ndiyo anaondoka. Kuna mtu anaelewa hapa?

Dada anakunja nguo za mtoto. Shemeji hajamwambia nani alimshauri. Nami sijamwambia. Roho inaniuma na sina wa kumlaumu ila mimi, halafu nikifikiria tena naona sikukosea, halafu naona nilikosea.

Jumatano, 11 Juni
Wameondoka na basi la asubuhi. Mtoto alilala begani kwa baba yake, hakutuaga.

Baridi kali leo. Nimefagia, nimeteka maji, nimepika. Mama amepukuchua mahindi mchana kutwa, bila wimbo. Tulipokaa kula akaniuliza kama ile mechi ya Jumapili tulishinda. Nikamwambia tulifungwa. Akanitazama. Akasema, mbona ulirudi unaimba?

Nikampakulia ugali. Tukala.