Sultani Waliyempaka Manukato

Mwalimu Makame,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini mkono umekataa kuanza barua yako bila ya salamu hiyo.

Nnakuandikia kwa sababu nna kinyaa, na sina mwengine wa kumwambia. Mwezi wa tano huu tangu tukuzike, na lile gofu la kasri letu la njia ya Bububu limepata mpangaji, watu wa hoteli. Wamezipaka rangi nguzo, wametandika mazulia juu ya sakafu iliyopasuka, na birika la hamamu, ulilokuwa ukitukataza hata kukaa ukingoni mwake, wamelijaza maji na maua ya plastiki. Plastiki, Mwalimu!

Sisi tuliokuwa tukitembeza wageni tulichukuliwa, tukapewa karatasi ya maneno ya kuhifadhi kwa moyo. Wewe ulinifundisha maisha ya Sultani yule kwa miaka sita, kidogo kidogo. Kwamba alikalia kiti angali kijana, baada ya kumtoa nduguye. Kwamba alipenda farasi na saa za ukutani. Kwamba alijenga makasri mengi kuliko aliyoweza kulala, kisha akaugua na kufa katika kasri hili, chumba cha juu, akiogopa giza. Halafu ukigonga ukuta kwa kidole, ukisema, "Na mawe haya hakuyabeba yeye." Hapo ndipo ulipokuwa ukiwaeleza wageni habari za watumwa waliochoma chokaa, na wanawake walionunuliwa sokoni wakaitwa masuria. Hukumtukana, wala hukumpamba. Mgeni mmoja alikuuliza kama alikuwa mfalme mwema. Ukamjibu, "Muulize aliyenunuliwa."

Karatasi yao haina mawe wala soko. Humo yeye ni "Mfalme wa Mahaba", na masuria ni wapenzi waliokuwa wakimgombania kwa furaha. Nilimwambia meneja kwamba si kweli. Akacheka.

"Dada Mwanaidi, mtu hapandi ndege kuja kulia."

Nikaisema karatasi ile. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe. Wiki tatu niliisema huku nikitabasamu, na kila nikirudi nyumbani nilipiga mswaki kabla ya kula. Mama yangu anaumwa, nilihitaji kazi, lakini ladha ile haikutoka.

Wiki ya nne wakaleta "masuria". Wasichana saba, wamevishwa vitambaa vyepesi vya kuonesha mwili, wakae kando ya birika wageni wapige nao picha. Wa tatu kutoka mlangoni alikuwa Rukia. Rukia wako, mjukuu uliyemlea. Aliponiona aliinamisha macho, akaninong'oneza, "Usimwambie mama."

Alasiri ile alikuja mwanamme mmoja, mtu mzima, na mkewe pembeni na simu. Akawapitia wasichana mmoja mmoja, kama mtu anayechagua tikiti maji. Akamshika Rukia kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akauliza kwa mzaha, "Huyu bei gani?"

Watu wakacheka. Meneja akacheka. Na Rukia naye akacheka, Mwalimu, kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake.

Niliutoa mkono wa yule mgeni. Nikatoa kanga mkobani, nikamfunika Rukia. Kisha nikawaambia, kwa Kiingereza changu kile ulichokuwa ukinisahihisha, kwamba niliyowaeleza ni uongo, na nikaanza tangu mwanzo: ndugu aliyetolewa, farasi, saa, mawe, soko. Meneja alinivuta mkono mara mbili, sikunyamaza. Yule bwana alitoka nje akilalamika ameharibiwa matembezi, na wengi wakamfuata. Mkewe alibaki, ameshusha simu, na wengine wawili. Basi.

Tulifukuzwa sote wawili, mimi na Rukia, kabla ya adhana ya magharibi. Nilidhani Rukia atanishukuru. Nje ya geti alinigeukia, machozi yanamtoka.

"Ungeniuliza kwanza! Kazi ile nilikuwa naitaka."

Ana haki. Nilimwomba radhi kwa kazi. Kwa yule bwana sikuomba, na siombi.

Siku ya nne alikuja nyumbani, akakaa barazani, akasema, "Nihadithie yote. Babu alinambia vipande tu." Tukakaa mpaka chai ikapoa. Sasa anakuja kila Jumamosi, anauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kukuuliza.

Kule kasrini mambo yanaendelea. Wamempata mwengine wa kuisema karatasi, na wasichana wengine wa kukaa kando ya birika. Nikipita njia ile nageuza uso.

Lala kwa amani, Mwalimu wangu. Mola alitie nuru kaburi lako. Nami nnakuahidi, na Rukia ameniona nikiandika haya: Sultani yule hatapita tena mdomoni mwangu akiwa peke yake, bila ya waliobeba mawe yake.

Mwanafunzi wako,
Mwanaidi