Simba wa Ugiriki

Mjukuu wangu Zuhura,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Magoti yalinisumbua, lakini sasa yametulia. Hapa Ganshoren, pembeni mwa Brussels, mjomba wako na wanawe hawajambo, nao wanakusalimu.

Umeuliza kama ni kweli Ulaya iliwahi kuwa na simba. Ni kweli. Mwezi uliopita mjomba wako alinipeleka kwenye jumba la makumbusho hapa Brussels, nikaona mifupa ya simba wa mapangoni. Zamani wataalamu walimweka katika spishi moja na simba wetu. Siku hizi wengi humtenga. Lakini Ugiriki ya kale walikuwako simba hasa, kama hawa wetu.

Niliposoma hayo kwenye vibao vya makumbusho nilimkumbuka Bi Mwanahawa, jirani yenu hapo Tanga. Nilimfundisha darasa la tano, nilipokuwa mwalimu kijana. Siku moja nilisema kwamba simba ni wa Afrika na Asia tu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hata Ugiriki walikuwako. Baba ameambiwa na Mgiriki wa shamba la mkonge."

"Basi nenda ukafundishwe na huyo Mgiriki!"

Darasa zima likacheka, na wenzake wakambandika jina: Simba wa Ugiriki. Mwaka ule hakunyoosha mkono tena, nami sikumwuliza kwa nini.

Mjomba wako anasema nimpigie simu Bi Mwanahawa, nimwombe radhi. Mimi nililelewa na watu walioomba radhi kwa miguu yao, mlangoni kwa waliyemkosea. Daktari hataki nisafiri. Usimwambie lolote kwa sasa. Nikikata shauri nitakuandikia, nawe utamwuliza kama atanifungulia.

Babu yako