Nililomuuliza Raya

Kazija shoga yangu, Mungu akupanulie kaburi lako.

Naona haya hata kukuandikia. Miaka yote tuliyoosha maiti pamoja hapa Malindi tuliahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Umetangulia wewe, na siku hiyo mimi nilikuwa hospitali, nimelazwa chali juu ya meza ya kupasulia.

Si wewe mwenyewe uliyenishikilia? "Nenda wakaitengeneze hiyo nyonga, Mize. Mwosha gani asiyeweza kuinama?" Nikaenda.

Basi nikwambie walivyoniweka, maana najua ungeuliza. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, akili ikabaki. Nilidhani watanilaza ubavu, kama tunavyolazwa kaburini. Kumbe daktari anapasua kwa mbele ya paja! Bwana Makame, ambaye kazi yake ni kuwaweka wagonjwa sawa mezani, akanieleza kuwa meza yao ni ya kawaida tu, haina vyuma vya kuvutia mguu. Kwa hivyo lazima nyonga yangu ikae pale pale meza inapokunjika, ili upande wa miguuni ukishushwa, paja lishuke nalo na mfupa ujitokeze. Akanivuta chini, akanirudisha juu kidogo, akatia shuka iliyokunjwa chini ya kiuno. Mkono wa upande mbovu akaukunja kifuani. Mguu ulio mzima akauwekea kibao usishuke.

Niliuona mguu wangu ukiinuliwa mbele ya macho yangu, nisiusikie. Mwosha huoshwa, Kazija, lakini mimi sikungojewa nife. Nikaanza kutoa shahada kwa sauti. Kisha, kwa mazoea ya kuosha maiti, nikamwambia Bwana Makame, "Anza upande wa kulia, mwanangu, na usinifunue."

Chumba kizima kikacheka. Naye alicheka, lakini shuka hakuiachia. Aliishikilia toka kitovu mpaka goti, kama ulivyokuwa ukiishika wewe. Mimi nilitamani meza inimeze.

Siku ya pili yake wakaja kuniambia umekufa na umeshazikwa. Nililia, wallahi nililia. Lakini kabla ya machozi nilikumbuka lile kovu lako la moto tumboni, alilokutia mume wako wa kwanza, ambalo hakulijua mtu ila mimi. Ulitaka nikuoshe mimi kwa sababu hiyo. Sasa nani ameliona?

Aliyekuosha ni Raya, yule yule tuliyemfundisha sisi. Alipokuja kunitazama na uji wake, nilingoja wageni waondoke. Kisha mimi, Mize, niliyekuwa nikiwakaripia wanawake matangani kwamba ya kwenye ubao wa kuoshea hayatoki nje, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Umemwonaje Kazija?"

Akanitazama. Akaukoroga uji.

"Nimemwona kasafika, Bi Mize. Kunywa, uji unapoa."

Ewe Kazija! Kule mezani nilifunuliwa na ugonjwa. Hapa nilijifunua mwenyewe, mbele ya mwanafunzi wangu. Nikanywa uji wote bila ya kuinua uso.

Sasa natembea kwa mkongojo. Kuchutama bado siwezi. Pakitokea msiba mtaani huitwa Raya, na mimi huwekewa kiti mlangoni nikate sanda. Kiembe Samaki kwenye kaburi lako sijafika, lakini nitafika.

Jana, tulipokuwa tunafukiza udi kwenye nyumba ya msiba, nilimwambia Raya kwamba siku yangu ikifika anioshe yeye. Nikamwambia pia asishtuke, atakuta mshono mrefu mbele ya paja.

"Mshono gani, Bi Mize?" akasema. "Mie sitauona."

Kwaheri, shoga yangu. Sitamuuliza tena, yeye wala mtu mwingine. Barua hii nikishaikunja naitia kwenye chetezo iungue, na lako nakufa nalo.

Mize